Mwana wa Keita Aliyetaka Kuimba

Mtoto wako amekuwa mtu mzima. Jioni moja anakuja, anakaa karibu nawe, anasema: "Baba, kazi ninayotaka kufanya ni hii." Kazi hiyo haijapata kufanywa na mtu yeyote wa ukoo wenu. Tena ni kazi ambayo ukoo wenu unaidharau. Utamjibu nini?

Au labda wewe ndiye mtoto huyo. Baba amenuna. Mama analia. Mjomba ameitwa kutoka kijiji cha pili aje akuonye. Utafanya nini?

Katika somo hili tutasoma habari za mtu mmoja aliyepatwa na shida hiyo. Si hadithi ya kubuni. Mtu huyo anaitwa Salif Keita. Alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Djoliba, nchini Mali. Jina la kijiji hicho husomwa "Joliba".

Mali ni nchi ya Afrika Magharibi. Ilitawaliwa na Ufaransa mpaka mwaka 1960. Mto mkubwa unaoitwa Niger unapita katika nchi hiyo, na wenyeji wa huko huuita mto huo Djoliba. Watu wake hulima mtama, uwele na mpunga, huvua samaki na kufuga ng'ombe. Mji wake mkuu ni Bamako. Kijiji cha Djoliba hakiko mbali na mji huo.

Ukoo wa wafalme

Keita si jina la hivi hivi. Zamani sana Mali ilikuwa dola kubwa. Aliyeianzisha dola hiyo aliitwa Sundiata Keita. Wasimulizi wa huko husema kwamba Sundiata alipokuwa mtoto hakuweza kutembea, na watu walimcheka yeye na mama yake. Baadaye alisimama, akakua, akawa shujaa. Mnamo mwaka 1235 alimshinda adui yake katika vita vya Kirina, akawa mfalme.

Watu wa ukoo wa Keita hujihesabu kuwa wajukuu wa Sundiata. Wao ni waungwana. Mwungwana wa huko kazi yake ilikuwa kulima, kuwinda, kupigana vita na kutawala.

Kazi nyingine zilikuwa na wenyewe. Mhunzi alizaa mhunzi. Mtengenezaji wa ngozi alizaa mtengenezaji wa ngozi. Na mwimbaji alizaa mwimbaji.

Mwimbaji wa ukoo huitwa jeli. Kazi ya jeli si kuimba tu. Jeli hukumbuka majina ya mababu, vita vilivyopiganwa na ndoa zilizofungwa. Watu walipokuwa hawana vitabu, jeli ndiye alikuwa kitabu. Koo mbili zikigombana, jeli hutumwa kupatanisha. Harusini yeye huimba sifa za wenye harusi. Baadhi yao hupiga kora, chombo chenye nyuzi 21. Sundiata mwenyewe alikuwa na jeli wake, jina lake Balla Fasséké.

Jeli si mtumwa. Watu humheshimu, na pia humwogopa, kwa sababu ulimi wake unaweza kumpandisha mtu au kumshusha. Lakini kwa desturi ya zamani mwungwana na jeli hawaoani.

Sasa angalia mikono yao. Jeli anapoimba sifa za mababu wa mwungwana, mwungwana hutoa zawadi. Hutoa fedha, au nguo, au hata ng'ombe. Mkono wa mwungwana hutoa, na mkono wa jeli hupokea. Hivyo ndivyo kila mmoja anavyojua mahali pake. Mwungwana akisimama mbele za watu, akaimba, akapokea fedha, mkono wake umegeuka. Kwa wazee wa ukoo hiyo ni aibu kubwa. Si aibu yake peke yake, bali ni ya ukoo mzima, pamoja na waliokwisha kufa.

Usidhani mambo haya ni ya Mali tu. Wamasai wa zamani waliwadharau wahunzi, wala hawakuoana nao, ingawa mikuki waliyoishika ilitoka mikononi mwa wahunzi hao hao. Na hapa Afrika Mashariki watu wengi bado humwita mwimbaji mhuni, halafu wanamtafuta siku ya harusi.

Mtoto mweupe

Salif alizaliwa na ualbino. Baba yake ni mweusi na mama yake ni mweusi, lakini yeye ngozi yake ilikuwa nyeupe na nywele zake nyeupe.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu watu wa vijiji vyetu pia. Mtu mwenye ualbino hana, au anayo kidogo tu, ile rangi inayoikinga ngozi na macho na jua. Mtoto huwa hivyo akirithi hali hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa, wala wasijue kwamba wanayo hali hiyo mwilini. Kwa hiyo mama hana kosa, wala hakuna laana wala uchawi. Zamani watu hawa tuliwaita zeruzeru. Wenyewe hawalipendi neno hilo, basi tuliache.

Mtu mwenye ualbino huungua upesi na jua, na akiungua mara nyingi huweza kupata kansa ya ngozi. Avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na kazi za juani afanye asubuhi na mapema au jioni. Macho yake pia hayaoni vizuri. Kama yuko mmoja katika darasa lenu, mketisheni mbele, karibu na ubao, na mwalimu aandike herufi kubwa.

Huko Mali, kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa kwetu, mtoto wa namna hii alionekana kuwa nuksi. Wengine walimkimbia. Wengine, na hili ni baya zaidi, waliamini kwamba viungo vyake vinaleta utajiri. Hapa Tanzania imani hiyo imewaua watu. Sote tunakumbuka habari za mauaji yaliyotangazwa kuanzia mwaka 2007.

Basi Salif alikua akiwa mwana wa wafalme, na papo hapo akiwa mtoto wa kuchekwa. Mwenyewe amepata kusimulia kwamba sauti yake aliikuza shambani kwa baba yake, akipiga kelele kuwafukuza nyani na ndege wasile mazao. Wewe uliyepata kuamia mpunga juu ya dungu unajua sauti hiyo. Haitoki kooni, inatoka tumboni.

Kazi aliyoitaka kwanza

Watu wengi wakisikia habari za mwimbaji mkubwa hudhani kwamba tangu utotoni alitaka kuimba tu. Salif hakuwa hivyo. Alipokuwa shuleni alitaka kuwa mwalimu. Alisoma kwa bidii akiwa na nia hiyo.

Lakini alikataliwa. Sababu iliyotolewa ni macho yake, kwamba hayaoni vya kutosha kwa kazi ya kufundisha.

Fikiria hali yake. Kazi ya waungwana ni kulima, lakini jembe liko juani, na jua linaiunguza ngozi yake. Kazi ya wasomi ni kufundisha, lakini macho yake yamekataliwa. Jembe limemkataa na ubao umemkataa. Alibakiwa na sauti, na sauti hiyo ukoo wake unamkataza kuitumia.

Mwandishi wa somo hili anaona kwamba hapa pana jambo la kufikiriwa kuliko mahali pengine pote katika habari hizi. Mara nyingi tunasema, "Kijana atafute kazi anayoipenda." Tunasema kana kwamba kazi hiyo imewekwa mahali inamngoja, naye aende tu kuichukua. Kumbe mtu huweza kuipata kazi yake baada ya kazi nyingine kumshinda. Kijana aliyeshindwa mtihani, au aliyeshindwa biashara ya duka, hajafika mwisho. Atazame amebakiwa na nini. Pengine hicho alichobakiwa nacho ndicho hasa chake, ila hakukihesabu kwa sababu hakikuwa na cheti.

Safari ya Bamako

Mwaka 1967 Salif aliondoka Djoliba, akaenda Bamako. Alikuwa na umri wa miaka 18. Aliimba sokoni na katika vilabu vya pombe ili apate fedha ya kula. Mwana wa Keita alinyosha mkono, akapokea sarafu za watu.

Hebu tufanye hesabu. Vita vya Kirina vilikuwa mnamo mwaka 1235. Salif alikwenda Bamako mwaka 1967. Toa 1235 katika 1967. Utapata miaka 732. Kwa miaka yote hiyo, wazee walisema, Keita hakuimba apewe fedha. Sasa yuko mmoja anaimba katika klabu ya pombe. Ndiyo sababu nyumbani walimkataa.

Ugumu wa miaka ile tusiupunguze. Wako watu wanaosimulia habari za namna hii upesi upesi: alikataliwa, akaenda mjini, akawa tajiri. Hawasemi neno juu ya miaka ya katikati. Mtu akikataliwa na ukoo, akiugua hana wa kumwuguza. Sikukuu ikifika hana pa kwenda. Na mtu mwenye ualbino barabarani hutazamwa na kila apitaye, hata kama hakuimba.

Mwaka 1970 alipata kazi katika bendi iliyoitwa Rail Band. Ilikuwa bendi ya reli, nayo ilipiga muziki katika hoteli ya stesheni ya Bamako. Hilo si jambo geni kwetu. Hapa Tanzania NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa kama wafanyakazi wengine. Katika Rail Band walikuwamo watu wa koo za jeli, kama Djelimady Tounkara, mpiga gitaa, na Mory Kanté. Hao kuimba na kupiga vyombo kulikuwa haki yao ya kuzaliwa. Salif alikaa kati yao akiwa mwanafunzi wao na mwenzao. Mwungwana alijifunza kwa jeli.

Mwaka 1973 alihamia bendi nyingine, Les Ambassadeurs. Baadaye bendi hiyo ilikwenda Abidjan, katika nchi ya Ivory Coast. Rais wa Guinea wa wakati ule, Sékou Touré, alimpa nishani, naye Salif akatunga wimbo wa kumsifu uitwao Mandjou. Wimbo huo ni mzuri sana, lakini rais huyo aliwafunga na kuwaua watu wengi. Ajabu ni kwamba kumsifu mkubwa aliyekupa zawadi ndiyo kazi ya jeli tangu zamani. Salif aliipata kazi ya jeli pamoja na mtego wake.

Mwaka 1984 alikwenda Ufaransa. Mwaka 1987 alitoa santuri iitwayo Soro, na hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani kote. Baadaye alirudi Bamako. Mwaka 2002 alitoa kazi nyingine aliyoiita Moffou. Moffou ni filimbi ndogo ya bua la uwele.

Jina hakulibadilisha

Wasanii wengi hujipa majina mapya. Salif angeweza kufanya hivyo. Angejiita kwa jina lolote, na wazee wa Djoliba wangepumua. Hakufanya. Aliimba kwa jina la Keita, jina lile lile lililokuwa sababu ya ugomvi. Na katika nyimbo zake aliimba kwa lugha ya kwao, akitumia mambo ya kale ya nchi yake. Aliacha desturi moja ya ukoo, lakini ukoo hakuuacha.

Kijana asipoangalia, hudhani kwamba kuipenda kazi yake ni sawa na kuwachukia waliomkataza. Hutukana wazee, huchana picha, hubadilisha dini kwa hasira. Hayo hayamsaidii katika kazi. Mpiga gitaa anayetukana baba yake bado hajajua kupiga gitaa.

Lakini tusizungumze na kijana peke yake. Mzazi naye ana maneno yake, na baadhi ya maneno hayo ni ya kweli. Mzazi anauliza: nani atalima shamba nikizeeka? Mjini utalala wapi? Fedha ikikosekana mwezi mzima utakula nini? Maswali kama hayo yana haki ya kujibiwa. Kijana asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kuondoka. Aanze kazi yake jioni, baada ya shamba, aonekane anaifanya bila malipo na bila kusukumwa, miezi kadhaa. Anayeipenda kazi hasa ataendelea. Anayependa sifa tu atachoka kabla ya mavuno.

Swali jingine la mzazi ni hili: "Watu watasema nini?" Swali hili nalo lina nguvu, lakini halihusu maisha ya mtoto. Linahusu sura ya mzazi sokoni. Mzazi mwenye busara ayatenganishe maswali haya mawili, kwa sababu akiyachanganya, mtoto ataona yote ni aibu tu, hata lile la shamba hatalisikiliza.

Watu kweli husema. Walisema pia juu ya Siti binti Saad wa Unguja. Siti alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafinyanzi, na yeye alikuwa akienda mjini kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba taarabu. Wako waliomkejeli kwa ufukara wake na kwa kutoka shamba. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, akatiwa katika santuri. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Majina ya waliomkejeli hayajulikani kama linavyojulikana jina lake.

Tofauti yake na Salif ni kubwa. Siti alidharauliwa kwa sababu ametoka chini akapanda. Salif alilaumiwa kwa sababu ametoka juu akashuka. Wote wawili waliambiwa neno moja: pale si mahali pako.

Salif alipokuwa mtu mzima aliitumia sauti yake kwa jambo jingine pia. Alianzisha mfuko wa kuwasaidia watu wenye ualbino. Mwaka 2009 alitoa kazi iitwayo La Différence, maana yake tofauti, na ndani yake aliimba juu ya watu hao. Mwaka 2018, katika mji wa Fana nchini Mali, mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa. Mwaka huo huo Salif alikwenda Fana, akaimba mbele ya watu wa mji huo. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ukoo wa Keita ulikataa Salif asiimbe? Jibu kwa kutumia neno "mkono".

2. Salif alitaka kazi gani kwanza? Nini kilimzuia?

3. Katika kijiji chenu kuna kazi gani inayodharauliwa? Ni nani wanaoifanya? Mnaihitaji kazi hiyo au hamwihitaji?

4. Waliopata kukatazwa kazi na wazazi wao, wasimulie. Waliopata kuwakataza watoto wao, nao wasimulie. Mwalimu asimkatize mtu.

5. Andika barua fupi ya mistari minane. Kama wewe ni mzazi, mwandikie mtoto aliyeondoka nyumbani bila radhi yako. Kama wewe ni mtoto, mwandikie mzazi. Barua hiyo si lazima uisome mbele ya darasa.